Mwalimu Kimaiyo, Bunduki za Rimoti na Jua la Saa Sita

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu Mwalimu Weldon Kimaiyo, mkuu wa idara ya elektroniki katika Chuo cha Ufundi cha Mlimani hapa Bahati, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wenye heshima. Nimejaribu.

Mwalimu alikuja kwetu akitokea karakana ya redio mjini Nakuru, akiwa na nywele nyingi na majibu ya kila swali. Nywele zimeondoka. Kifaa chochote kikimshinda, husema kimechoka. Redio ya mlinzi ilichoka, projekta ya chuo ilichoka, na saa ya ukutani ilichoka akiwa ameishika mkononi. Haki yake hata hivyo tumpe: hajawahi kukosa darasa, na mwanafunzi aliyeshinda njaa alikula nyumbani kwake, mtaa wa Section 58, bila kuulizwa maswali.

Mwaka jana bodi ilitangaza kwamba idara isiyovutia wanafunzi wapya siku ya maonyesho itafungwa. Kwa Mwalimu hiyo ingekuwa aibu ndogo tu kabla ya kustaafu. Mwenye cha kupoteza alikuwa Chepchumba, mwalimu kijana wa kandarasi. Idara ikifungwa, naye angefunga virago.

Chepchumba ndiye aliyebuni mchezo. Alikusanya rimoti mbovu na televisheni zilizokufa, akatoa ndani yake taa ndogo zenye mwanga usioonekana kwa macho, pamoja na vijicho vinavyoupokea mwanga huo. Taa alizifunga ndani ya paipu za plastiki zikawa bunduki. Vijicho akavishonea kwenye reflekta, vile vizibao vya kung'aa vya waendesha bodaboda. Ukimlenga mwenzako na kufyatua, reflekta yake inalia na kuwaka taa nyekundu, naye ni maiti hadi raundi ifuatayo.

Mwalimu aliuita mchezo wa chekechea. Kisha akasikia kwamba bodi nzima itahudhuria, na kufikia jioni ulikuwa mchezo wake. Mchango wake wa kwanza ulikuwa kuzipima taa zilizobaki koponi. Aliziwasha, akazikodolea macho, hakuona mwanga, akatupa kopo zima kwenye pipa akisema zimechoka. Chepchumba alizitoa pipani na kutuonyesha kupitia kamera ya simu kwamba zote zilikuwa zikiwaka. Mwalimu akasema alitaka tu kuona kama tuko makini.

Mchango wake wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Chepchumba alikuwa amemweleza kwamba mchezo huu ni wa kuchezwa ndani, kwa sababu jua nalo lina mwanga uleule usioonekana, na likiwa kali kijicho hakiwezi kuipata bunduki, sawa na mtu anayenong'onezwa sokoni. Mwalimu akaamua uchezwe uwanjani saa sita mchana, ili wageni waone vizuri. Holi likaachiwa sufuria za wali na nyama ya mbuzi.

Siku ikafika, na jua likafika nalo. Wanafunzi walifyatuliana wakiwa karibu kupeana mikono, asife hata mmoja. Wazazi walicheka kwa adabu, baadaye bila adabu. Mwenyekiti wa bodi akaanza kutafuta kofia yake. Mwalimu, reflekta juu ya suti, alimweleza kwamba vifaa vimechoka.

Hapo Chepchumba akamkatiza mkuu wake mbele ya wageni, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Mwalimu, vifaa ni vizima," alisema. "Ni wewe umetuweka kwa jua."

Akawaongoza wanafunzi hadi holini, na wazazi wakafuata, kwa kuwa chakula kilikuwa huko.

Ndani ya holi kila reflekta ililia. Mama Wangechi, mkulima wa viazi aliyekuja kumtafutia bintiye kozi, aliomba bunduki akamlenga Mwalimu Kimaiyo akiwa anaonja mchuzi. Reflekta ikalia. Mwalimu akasema ni waya zimegusana. Mama akafyatua tena, zikagusana tena. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Mwalimu alikwenda mbali zaidi: aliziba kijicho kwa sahani, holi zima likimwona. Kozi ilijaa kabla ya vyombo kuoshwa.

Kwa mwaka mzima baada ya hapo alimsimulia kila mgeni jinsi alivyobuni mchezo ule. Chepchumba alinyamaza, nasi ilituuma. Kandarasi yake ilikuwa ikielekea ukingoni, na bodi ilikuwa ikitafuta mkuu mpya wa idara nje ya chuo.

Wiki iliyopita bodi ilimwita Mwalimu kumuaga, na mwenyekiti akamsifu kwa kuiokoa idara. Sisi tuliokuwepo tulitazama sakafu. Mwalimu akasimama, akakohoa, akavuta tai yake.

"Mchezo ni wa Chepchumba," alisema. "Mimi nilikuwa wa kupigwa risasi tu. Idara mpeni yeye."

Bodi ikampa. Sentensi tatu zilimchukua mwaka mzima, na wengine wetu bado hatujamsamehe mwaka huo. Lakini nilipiga makofi hadi viganja vikauma, nami si mtu wa makofi.

Mwalimu sasa anahamia Mai Mahiu, ambako amekodi kibanda kando ya barabara atengeneze redio za malori. Asante kwa yote, Mwalimu, hata kwa yale tuliyolazimika kuyarekebisha. Tunakuombea afya, uzee mwema na wateja wengi. Madereva nao tunawaombea subira.