Compte ya Éliakim

Mbele ya jiko la Mama Kanyere, kando ya parking ya pikipiki hapa Beni, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kukosa rai. Asubuhi ile kikombe kilizunguka na maneno yakazunguka. Éliakim, motard anayebeba abiria na kujulikana kwa kuendesha polepole, alikuwa amefungiwa compte, akaunti yake ya kazi, kwenye application kubwa ya kuita pikipiki. Kosa lake: alibeba pia wateja wa application nyingine, ndogo. Siku nane simu yake haikulia, maana ile ndogo wateja wake ni wa kuhesabu. Lakini jana redio ilitangaza kwamba tume inayolinda ushindani wa biashara, kule Kinshasa, imeamua: mkubwa asimkataze motard kufanya kazi na mdogo, na compte zote zilizofungwa kwa sababu hiyo zifunguliwe. Éliakim aliamka mapema, akaosha pikipiki, akafungua simu. Compte bado imefungwa.

Zorobabel, tunayemwita Antenne kwa kuwa redio haitoki sikioni mwake, hakushangaa.

— Sheria inakuyaka na barabara. Barabara ya kutoka Kinshasa haiko. Donc, ngojea.

Phinées alikataa. Yeye tunamwita Avocat, maana alisoma sheria mwaka mmoja Butembo kabla ya kurudi kwenye kakao ya baba yake. Kwake, sheria hufika siku ileile, ila lazima mtu aipokee.

— Banapelekaka karatasi ku mulango, mutu anasaini. Sasa ile application, mulango yake iko wapi?

Wakautafuta mlango. Wakala wake aliyewaandikisha motard sokoni alikuwa amehamia Kamango. Éliakim akaiandikia application yenyewe, nayo ikajibu papo hapo, kwa heshima kubwa, kwamba ujumbe umepokelewa. Avocat akasema basi imesaini. Antenne akasema hata kasuku husema asante. Hapo Avocat akakumbuka desturi ya parking: motard akivunja kanuni, kamati humvua gilet, kizibao chake cha kazi, siku mbili.

— Tuinyanganye gilet yake.

— Gilet yake njo hii, yenye jina yake, akasema Éliakim. Niko nayo mu mugongo.

Avocat alifikiri kidogo, kisha akasema sheria ni sheria. Na Éliakim, ambaye siku nane amelala akiwaza, aliivua kweli. Mama Kanyere akaikunja, akaiweka juu ya meza karibu na sukari.

— Yaya, kaka yangu, wewe pia ulikosa, Antenne akamwambia. Bazee balisema, mwenye kuchagua jembe hapana mulimaji. Sasa wewe, application mbili za nini?

— Mi silimake, Antenne. Minabebaka batu.

Ndipo alipofika mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Alisalimia kwa Kinande, wavukire, akaomba moto, pikipiki ya kumpeleka mtaa wa Beu. Éliakim alishasimama, injini ikanguruma. Lakini yule mama hakupanda. Aliangalia simu yake, akaeleza kwamba dada yake aliyeko Butembo ndiye anayemwitia moto kwa application, ile kubwa, ili amfuate kwenye ramani mpaka afike. Kwa hatari za njiani siku hizi, alisema, dada hataki kusikia moto ambayo yeye haioni.

Avocat akamhakikishia kwamba Éliakim ni mtu wa kuaminika, tena ana haki, tena redio imesema. Yule mama alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akamgeuzia Éliakim kioo cha simu.

— Papa, telefone inasema hapa hakuna moto hata moja. Na wewe uko mbele yangu, moto inalia. Sasa dada yangu nimuambie nini?

Antenne alishusha redio. Éliakim alizima injini, akasogea mwisho wa benchi ili mama apate pa kukaa na mtoto wake, na wote wawili wakaanza kungoja ile simu ya mama imwone mtu aliye mbele yake.