Joto la Rimu

Mwalimu Baltazari Mwikwabe anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Fizikia. Alianzia Bunda, kisha akaletwa kwetu Butiama kwa muda, na muda huo ndio uliomzeesha. Kamati imeniomba wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi.

Somo lake maarufu lilikuwa la baiskeli. Kila mwaka aliwapeleka kidato cha tatu kwenye mteremko wa barabara ya Kiabakari, akashuka bila kupiga pedeli. Aliwafundisha kwamba kule juu nishati imelala, ukishuka inageuka mwendo, ukipanda upande wa pili inarudi kulala. Kisha alishuka tena akiwa amebana breki, baiskeli ikasimama bondeni. Wanafunzi walipodai nishati imepotea, aliwaita waguse rimu ya gurudumu. Ilikuwa ya moto.

Mwaka mmoja ng'ombe walikatiza barabara, naye akaishia mtaroni, baiskeli juu yake. Watoto wakakimbilia kumwinua. "Andikeni kwanza mwendo umeenda wapi," akawaambia, "ndipo mniinue." Mwanafunzi aitwaye Kwangu, ambaye leo ni fundi wa injini za boti pale Mwigobero, aliandika kwamba umeenda kwa mwalimu. Alipewa alama zote.

Mafundi na wahandisi waliopitia mikononi mwake ni wengi, na wakija likizo humtafuta yeye kabla ya mkuu wa shule. Hilo sisi wengine tunamwonea wivu.

Sasa niseme ukweli. Tumeomba mwalimu wa Fizikia tangu mwaka jana na hatujampata. Vipindi vya kidato cha tatu nimepewa mimi, mwalimu wa Kiswahili, ninayeijua nishati kama msamiati tu. Nimejaribu kujifariji kwa kanuni yake, kwamba kazi ya miaka yote hii haijapotea, imehamia kwa watu. Sifarijiki. Joto lile la rimu lipo kweli, lakini halijawahi kuipandisha baiskeli mlima. Nimekata tamaa, na sioni sababu ya kuwaficha.

Katika kipindi chake cha mwisho, Rhobi, binti anayetaka kuwa mhandisi, alimuuliza: "Mwalimu, sasa Fizikia nani atakuwaga anatufundisha?" Mwalimu Baltazari alifuta ubao polepole akatoka. Jana Rhobi aliniambia anaacha Fizikia. Sikumzuia.

Asante, Mwalimu, kwa uvumilivu wako na kwa magoti uliyoyachubua kwa ajili yetu. Nyumba yako ya Bweri ikupokee vizuri, sato wasikose mezani, na afya yako idumu. Tunakutakia mema yote, kwa moyo mmoja.

Jumatatu nitaingia darasani kwako, na Rhobi hatakuwemo.