Vyuma Vile Si vya Lalla Ijja

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Lalla Ijja Amzil anastaafu baada ya miaka thelathini na sita kwenye dirisha la vizazi na vifo la baraza letu la mji. Wahariri wa jarida hili la wafanyakazi wameniomba niandike maneno matamu, yasiyomuudhi mtu. Matamu nitayaandika. La kutomuudhi mtu, hilo siahidi.

Alianza kazi amevaa jalaba refu la kuazima kwa dada yake, akapewa muhuri na kiti kibovu. Viti vilibadilishwa, yeye hakubadilika. Nusu ya mji huu imepita mbele yake ingali inanyonya. Alikuwa haandiki jina la mtoto mpaka mama alitamke kwa kinywa chake, hata kama baba amekwisha kulitangaza kifua mbele. Kuna akina baba waliogundua pale pale dirishani kwamba mwanao haitwi walivyodhani, na wakaondoka wakimlaumu Lalla Ijja badala ya kuwauliza wake zao.

Kila asubuhi alifika na baiskeli yake nyeusi, pindo la jalaba amelibana kwa vibanio vya kuanikia nguo lisinaswe na mnyororo. Mara nyingi alivisahau, akahudumia watu mpaka adhuhuri navyo vinaning'inia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Baiskeli kwetu si kitu cha ajabu. Wafungashaji wa machungwa wanaendesha, wanafunzi wanaendesha, imamu anaendesha. Ajabu ilikuwa mbele ya baraza: uwanja mzima ni wa magari ya madiwani, baiskeli zinaegemezwa ukutani, na Mbark mlinzi wetu ameagizwa azirundike nyuma kwenye mapipa ya taka.

Siku moja ya Agosti akaja Fadma Ubaha, mfungashaji wa machungwa, kumwandikisha binti yake aliyekuwa mgongoni. Alipotoka alikuta gari la diwani mmoja limeikalia baiskeli yake, gurudumu limekunjika kama sahani ya bati. Diwani alisema hakuiona. Basi. Lalla Ijja alifunga dirisha, foleni ikiwa bado ndefu, akaitia ile baiskeli begani na kumsindikiza Fadma mpaka lango la mji. Aliporudi alipewa onyo. Kesho yake aliingia ofisini na baiskeli yake mwenyewe, akaisimamisha nyuma ya kaunta. Alipoulizwa, alijibu kwamba nje hakuna pa kuiweka, na ndani pana nafasi.

Fadma naye akaleta wenzake. Kuanzia hapo kila mwenye shida na baraza aliingia na baiskeli yake, zikajaa ngazini, zikajaa kwenye ushoroba, zikafika mpaka mlango wa ukumbi wa mikutano. Hawakupiga kelele wala kubeba mabango. Walisubiri zamu zao wameshika usukani, macho makavu. Madiwani walipita ubavu ubavu na suti zao zikaambulia grisi. Mbark alipoamriwa kuzitoa, alisema mgongo unamuuma. Mgongo huo haukuwahi kumuuma kabla ya hapo, wala haujamuuma tena.

Ikatokea yule yule diwani akapata mtoto wa kiume. Akaja dirishani na tabasamu tele, gari lake ameliacha limeziba baiskeli zote zilizobaki ukutani. Lalla Ijja aliweka kalamu chini na kumwarifu kwamba mtoto hajazaliwa mpaka gari litoke. Diwani alifoka, akatishia, akataja watu wakubwa anaowajua, kisha akatoka kulisogeza shingo upande. Muda mfupi baadaye mtoto akazaliwa kiserikali, na Lalla Ijja alikuwa wa kwanza kumpa baba yake hongera.

Mwishowe baraza lilisalimu amri. Vyuma vya kufungia baiskeli vikachimbiwa mbele ya mlango, na mwaka uliofuata tukapata njia ya baiskeli kutoka lango la mji mpaka kwenye maghala ya machungwa, yenye ukingo wa mawe ili magari yasijisahau. Siku ya kuzindua vyuma palikuwa na chai ya nanaa, na Mwenyekiti akahutubia. Alisema hii ni zawadi ya baraza kwa Lalla Ijja, na itakuwepo kwa muda wote atakaokuwa nasi. Uwanja mzima ukapiga makofi. Lalla Ijja mikono aliiweka nyuma.

"Mwenyekiti, mimi sikukuomba zawadi," alisema mbele ya watu wote. "Zawadi ina mwenyewe. Mwenyewe akiondoka, mtaing'oa."

Watu walicheka, wakasema mama huyu hata kushukuru hajui.

Haya, sasa anaondoka. Wiki iliyopita mafundi walikuja na makopo ya rangi nyeupe, wakachora nafasi za magari huku na huku, wakaacha pengo palipo na vyuma. Jumatatu vyuma vitang'olewa na pengo hilo litajazwa. Eti mwenyewe anastaafu, shughuli imekwisha. Na ili kumuenzi, utawala umeamua kumpa chuma kimoja akakiweke nyumbani, kimepakwa rangi ya dhahabu na kubandikwa kibati chenye jina lake. Sitanii. Kipo ofisini kwa katibu, kimefungwa utepe.

Katibu alimpelekea habari hiyo kwa adabu zote. Lalla Ijja aliuliza vile vingine vinakwenda wapi. Akaambiwa ghalani.

"Basi hicho kirudisheni kwa wenzake, na jina langu mlifute," alimwambia. "Fadma hawezi kufunga baiskeli yake sebuleni kwangu."

Nami nasema, kwa niaba ya dirisha la vizazi na vifo, ambalo kuanzia Jumatatu ni langu: vyuma having'olewi. Thubutu. Wenzetu wa maji, wa masoko na wa bustani wamesema watakuja na baiskeli, na wasio nazo wameazima. Mbark anakuja na yake, pamoja na mgongo wake. Fadma amewatangazia wenzake kwamba Jumatatu wote wana shida na baraza. Shida gani, watazitafuta njiani.

Lalla Ijja, ahsante kwa kila jina uliloliandika sawasawa, na kwa kutukatalia tulipotaka kukushukuru vibaya. Tunakutakia uzima, magoti imara na njia isiyoegeshwa gari. Watu wa pensheni watakudai hati ya kuthibitisha kwamba ungali hai, na hati hiyo inatoka dirishani kwangu. Umesema utakuja kuichukua Jumatatu hiyo hiyo asubuhi, na umeniagiza nisikupendelee. Sitakupendelea. Foleni utaipanga kama raia mwingine yeyote. Na ukifika hapo nje, usiitafute ile nafasi yako ya siku zote karibu na mlango, maana itakuwa na baiskeli ya mtu, na ya pili yake, na ya tatu yake. Itakubidi usubiri mmoja atoke.