Saa na Mahali: Maisha ya Baltazar Isidori Nombo, Fundi na Mpiga Picha wa Mkalole

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Nombo, wakwe zetu kutoka Mpepai, wanachama wa kundi la Jicho la Nyasa mliotoka Mbinga, na ninyi majirani wa Mkalole, mliokaa kwenye viti na mliobaki mmesimama nje ya uzio, poleni na msiba, na familia inaomba muisikilize historia hii hadi mwisho, kwa sababu kuna sehemu yake hamjawahi kuisikia.

Baltazar Isidori Nombo alizaliwa hapa Mkalole, kusini kidogo ya Lituhi, tarehe 19 Machi 1968, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Isidori, mvuvi, na Mama Scholastica. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, na akiwa darasa la tano aliifungua saa ya mwalimu mkuu ili aone kinachoisukuma, akachapwa, kisha akaifunga tena ikiwa inatembea vizuri kuliko mwanzo, na kuanzia 1986 hadi 1988 alisomea ufundi wa mitambo mjini Songea.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Mbinga, na huko ndiko alikokutana na Kunigunda, binti wa Mzee Nathanieli wa Mpepai, aliyekuja na magunia ya kahawa ya baba yake, wakafunga ndoa takatifu tarehe 8 Julai 1995, na Mungu akawajalia watoto wawili, Praygod mwaka 1996 na Restituta mwaka 2002, ambaye ndiye anayesoma hapa kwa niaba ya familia. Mwaka 2003 alirudi nyumbani akafungua karakana ya injini za boti, na hakuna injini katika ufukwe huu ambayo haikupita mikononi mwake, wenyewe mnajua.

Kamera aliinunua mwaka 2014, iliyokwisha kutumika, na mwaka 2017 akapokewa katika Jicho la Nyasa, kundi la simu la watu thelathini na mmoja, walimu, wauguzi, wakulima wa kahawa, hakuna hata mmoja anayekula kwa picha, wanaotumiana walichokiona na kufundishana vifaa. Yeye ndiye aliyewafundisha kuhifadhi kamera kwenye ndoo yenye mchele mkavu ili unyevu wa ziwa usioteshe fangasi kwenye lenzi, na kila aliyetaka ushauri wa kununua lenzi ndefu alijibiwa, "Kwanza sogea, ndugu yangu, miguu ni lenzi ya bure." Kundi hilo lilikuwa na sheria moja, iliyotungwa na kiongozi wao, Mwalimu Joakim wa Mbinga, kwamba kila picha iandikwe chini yake lenzi, tarehe, saa na mahali, ili wengine wajifunze mwanga wa hapo, na asiyeandika aliambiwa bila kuonewa haya, "Hiyo siyo picha, hiyo ni pambo la kalenda."

Jumamosi tarehe 5 Juni 2021, saa 12:25 asubuhi, marehemu aliwapiga picha watu wakivuta nyavu za kokoro, zile zilizopigwa marufuku kwa kuwa zinakomba hadi vifaranga vya samaki, nao walimwona, wakamtania kama siku zote. Aliwapiga dhidi ya jua kwa makusudi, nyuso zikawa giza tupu asitambulike hata mmoja, na saa moja jioni akaituma kundini, na chini yake, kama sheria inavyotaka, akaandika, "Lenzi ya hamsini, 5 Juni, 12:25 asubuhi, ufukwe wa Mkalole." Jumatatu tarehe 7 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, boti ya doria ilitia nanga palepale, makokoro manne yakachomwa, na vijana watatu wa kijiji hiki wakalala mahabusu siku tisa.

Wazee wa ukoo walishauri hapa tusome sentensi moja tu, kwamba marehemu alihamia Mpepai kwa sababu binafsi, na tunawaheshimu wazee wetu, lakini hazikuwa binafsi, zilikuwa zenu nyote. Wiki ileile ilisemwa kwamba fundi amewauza, akifika ufukweni anaulizwa, "Baba Praygod, leo umekuja na kamera au na pingu?", na alipouliza kama kuna injini yenye shida akajibiwa, "Ipige picha ipone." Karakana ilikaa miezi minne bila mteja, huku injini zikipelekwa Lituhi kwa kasia. Hata nyumbani, Restituta huyu huyu alimwuliza baba yake mezani, "Kwa nini uliandika saa?", naye akanawa mikono akatoka.

Mwalimu Joakim alimpigia simu mwanachama mmoja mmoja, wengine wote, akarudi na neno kwamba hakuna aliyeitoa picha ile kundini, na marehemu akamwambia, "Mwalimu, acha kuwasumbua watu, ni mimi niliyeandika, nyuso nilizificha nikasahau kidole changu." Tarehe 20 Juni alijitoa kundini, na Oktoba mwaka huo akahamia Mpepai kwa wakwe zake, akapalilia kahawa, na hakupiga picha tena.

Alianza kuugua shinikizo la damu mwaka 2023, figo zikafuatia, na Septemba mwaka huu alilazwa mjini Mbinga, ambako alimwambia mkewe, "Mama Praygod, mnizike Mkalole, kama ni kunikataa wanikatae nikiwa kwetu." Alifariki dunia Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba, na alikufa akiamini kwamba ni yeye.

Sasa, historia ya marehemu haisomwi kwa kukisia tarehe, kwa hiyo juzi Alhamisi familia ilikwenda ofisi ya kijiji kuuliza nyavu zilichomwa lini hasa, na mtendaji wa sasa, ambaye mwaka ule hakuwepo, akafungua jalada. Ndani yake kuna barua ya doria, imeandikwa tarehe 27 Mei 2021, ikitaja ufukwe wa Mkalole, Jumatatu tarehe 7 Juni, na kuagiza kamati ya ufukwe iwatangazie watu wasalimishe kokoro kabla ya siku hiyo. Muhuri wa kupokelewa ni wa tarehe 31 Mei, siku tano kabla picha haijapigwa. Nani anaweza kutueleza picha ya Jumamosi iliwezaje kuiita doria iliyokwisha kupangwa tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia? Aliyeipokea na kutia saini ni katibu wa kamati wakati huo, Mzee Wendelin, na tangazo halikutolewa, na kokoro la Mzee Wendelin halikuwa miongoni mwa yale manne. Nakala iko mezani, karibu na kitabu cha rambirambi, kila mtu aisome mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbinga, Baba Paroko, na Jicho la Nyasa. Jana vijana wa hapa hawakuja kuchimba, kaburi hili limechimbwa na wakwe zetu wa Mpepai pamoja na Mwalimu Joakim, ambaye viganja vyake vimechubuka, tunawashukuru mno. Tunawashukuru pia majirani, na neno hili tumelibakiza kwenye karatasi kwa makusudi, kwa sababu kaburi bado halijafukiwa na makoleo yapo.

Mzee Wendelin, asubuhi tumekupa shikamoo na umeitikia. Hatukuombi useme lolote mbele ya jeneza. Tunakuomba ushike koleo la kwanza, na wale vijana watatu, ambao wao pia walidanganywa, wakufuate.

Baba, hukumuuza mtu. Lala kwenu, upumzike kwa amani.