Mama Kitana na Somo la Mazishi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi, usiiache. Osha vyombo vyako, piga pasi yako, endelea tu. Huyu tunayemkumbuka leo hakuwahi kumsikiliza mtu huku mikono yake imelala. Mikono yake ilikuwa ndani ya nywele za watu kutwa nzima. Ongeza sauti kidogo, basi.

Tunamkumbuka msusi. Mtaani walimwita Mama Kitana. Alikuwa mke wa fundi friji, na alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, shahada ya kwanza ya huduma ya Kikristo na masomo ya Biblia. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: msusi, mke wa fundi friji, mwanafunzi wa shahada. Ametutoka akiwa amebakiza somo moja. Somo moja tu, ndugu zangu, na somo lenyewe ni la mazishi.

Tuanze alipoanzia yeye. Hakuanzia chuoni. Alianzia makaburini.

Mama Kitana na mumewe walijaliwa mtoto mmoja, binti. Ana miaka sita, ana pengo mbele, mdomo haufungi, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Homa ikamshika. Wakamkimbiza hospitali. Mumewe, fundi friji, alituambia hivi tulipokwenda kumwona nyumbani kwake: "Nilimpeleka amelala mgongoni kwangu. Nilirudi mgongo mtupu." Nasi hatukumuuliza zaidi.

Siku ya mazishi alikuja mchungaji ambaye alikuwa na mazishi mengine mbele yake. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa na haraka. Alisoma haraka, akaomba haraka, akatazama saa. Akasema, "Kijana wetu huyu tulimpenda." Kijana! Na aliyelala pale alikuwa binti, na mama yake amesimama hapo hapo, anasikia. Udongo ulikuwa haujasawazishwa, mchungaji yuko ndani ya gari na injini inaunguruma.

Dada mkubwa wa Mama Kitana alimshika mkono wakirudi nyumbani. Anakumbuka neno kwa neno. "Aliniambia, 'Dada, mwanangu kazikwa mbiombio. Mtu mzima akizikwa mbiombio angalau aliwahi kuishi. Huyu wangu hata kuzikwa kapunjwa.' Halafu akafuta uso, akasema, 'Nitakwenda kujifunza kuzika watu. Nitawazika taratibu.' Mimi nikajua ni uchungu tu unaosema, utapita."

Haukupita. Mwaka uliofuata, mwanamke aliyevuka arobaini, mwenye wateja wake na kiti chake cha saluni, alikwenda kujiandikisha chuo. Asubuhi anasuka, mchana anasoma. Mumewe alimtania. "Mke wangu, kichwa hicho kimejaa mitindo ya nywele. Kigiriki utakiweka wapi?"

"Nitakisuka," akamjibu.

Na kweli alikisuka. Herufi za Kigiriki alizibandika kwenye kioo cha saluni, hivyo mteja akijitazama anaziona. Anavuta fundo moja, anatamka alfa. Fundo jingine, beta. Wateja nao wakawa wanaitikia kwenye viti. Dada yake anacheka akisimulia, machozi yanamtoka huku anacheka: "Watu walikuwa wanatoka pale na nywele nzuri na Kigiriki kibovu." Historia ya kanisa akafaulu. Ufafanuzi wa maandiko akafaulu kwa kuburuza mguu, lakini kufaulu ni kufaulu. Mahubiri ndiyo usiseme. Alikuwa na mdomo wa saluni yule, mdomo unaojua mtu anataka kusikia nini na anaogopa kusikia nini.

Kisha likaja somo la mazishi.

Somo hili, wasikilizaji wapendwa, linafundishwa hivi. Darasani kuna meza ndefu. Mwanafunzi mmoja anapanda juu ya meza, anafunikwa shuka, yeye ndiye maiti. Wengine wanakaa mbele, wao ndio wafiwa. Mmoja anasimama na kuongoza ibada nzima, toka salamu mpaka amina ya mwisho. Mwalimu anakaa nyuma na kutoa alama. Mwalimu mwenyewe alikuwa mzee mmoja mkavu, wanafunzi walimpachika jina la Jangwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona tone kwenye macho yake.

Sasa, nani anataka kuwa maiti? Hakuna. Watu wazima, watu wa imani, lakini ukiwaambia panda mezani ufunikwe shuka, kila mtu anakumbuka ana kikohozi. Mama Kitana akainua mkono. "Mimi nimesimama toka asubuhi," akasema. "Nipeni hiyo meza ninyooshe miguu."

Basi akawa maiti wa darasa. Wakamzika wiki hii, wakamzika wiki ijayo. Siku moja kijana mmoja mpole, mwanafunzi mwenzake, alikuwa katikati ya maneno matamu ya kumuaga mpendwa wetu, mara maiti akakoroma. Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Jangwa peke yake hakucheka, akasema, "Endelea. Hata kaburini kuna usumbufu." Toka siku hiyo wakamwita Marehemu. "Marehemu, umeamkaje?" "Marehemu, tumekuwekea kiti." Mumewe alisikia siku moja kwenye simu, akawaka. "Nani huyo anamwita mke wangu marehemu? Uchuro gani huu?" Mama Kitana akacheka mpaka akakaa chini.

Nawaambia ukweli, leo nimeandika neno hilo kwenye karatasi yangu ya matangazo mara nyingi, na kila mara mkono umesita.

Lakini ikafika zamu yake ya kuongoza. Akasimama mbele ya meza. Mtu mwingine amelala chini ya shuka. Mama Kitana akafungua kinywa, akatazama lile shuka, na sauti ikakatika. Akalia. Akalia mpaka wafiwa wa kuigiza wakaanza kulia kweli. Akatoka nje.

Jangwa akamwita. "Mchungaji akibomoka, waliofiwa wajishike wapi? Utarudia."

Akarudia. Ikawa vilevile. Shuka, sauti, machozi, mlango. Na utaratibu wa chuo hauna mjadala: asiyemaliza ibada ya mazishi hahitimu. Miaka yote ile, Kigiriki chote kile kwenye kioo, na binti yake kule alikozikwa mbiombio, vyote vikabaki vinaning'inia kwenye ibada moja. Akamfuata mwalimu ofisini. "Mwalimu, mimi nitalia tu. Machozi yangu hayaombi ruhusa."

Jangwa akamtazama. "Sijakukataza kulia. Nimekutaka umalize."

Hilo akaondoka nalo. Akafika nyumbani, akamwambia mumewe, "Nataka ulale hapa sebuleni nikuzike."

"Nini?"

"Mazoezi. Nimebakiza nafasi moja."

"Mimi nilale nife kwenye nyumba yangu mwenyewe? Acha uchuro, mwanamke."

Hakumbembeleza. Akapika, akapakua, akaondoa vyombo, hasemi kitu. Nyie wanaume mnaonisikiliza mnakijua kimya hicho. Fundi alivumilia siku kadhaa, akashindwa. Jumapili mchana, mke ametoka kanisani, akamkuta mumewe amelala chali kwenye zulia, amejifunika shuka mpaka puani. "Haya," akasema kutoka chini ya shuka. "Zika upesi, mgongo wangu si wa sakafu."

"Mimi sizikagi watu upesi," mkewe akamjibu.

Akavaa viatu vyake vya kanisani tena, ingawa alikuwa amekwisha kuvivua. Akasimama. Akasalimia watu ambao hawapo. Akaanza kumzungumzia mume wake kama mtu aliyeondoka. Fundi anayakumbuka maneno yale, alitusomea kama mtu anayesoma ukutani: "Huyu aliyelala hapa hakujua kusema maneno matamu. Alipotaka kuniambia ananipenda, aliniuliza kama nimekula. Mtoto wetu alipokufa, hakulia mbele yangu. Alitengeneza friji za majirani wote bure mwezi mzima, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba ndivyo alivyokuwa akilia."

Fundi akiwa amelala pale, machozi yakamtoka, yakateremka pembeni, yakamwingia masikioni.

"We! Maiti halii!" Mama Kitana akamkemea, wakacheka wote wawili.

Kisha akatazama shuka. Na sauti ikakatika, kama siku zile zote. Akalia. Fundi anasema alisikia anavyolia, kilio cha mama, akataka kuruka amkumbatie. "Nikajizuia," anasema. "Nilijua nikiamka nitamharibia. Nikatulia kama maiti kweli. Nikamsubiri."

Akamsubiri. Mama Kitana akapenga kamasi, akashika kiti, akaendelea. Sauti imepasuka, lakini anaendelea. Akamkabidhi mumewe kwa Mungu taratibu, neno kwa neno, akafika mpaka amina. Halafu akapiga makofi kama msichana. "Nimemaliza! Umenisikia? Nimemaliza!"

"Nimekusikia. Sasa niruhusu nifufuke."

Alhamisi ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho mbele ya mwalimu. Alhamisi hakuiona. Jumanne asubuhi alikuwa anamsuka mteja, amefika katikati ya kichwa. Akasema, "Ngoja kidogo, kichwa kinanigonga." Akakaa kwenye kiti cha pembeni. Mteja akadhani anapumzika. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani, umepasuka. Mumewe alikuwa ndani ya bucha anatengeneza friji, bisibisi mkononi, simu ilipoita. Alipofika wodini alimkuta amefunikwa shuka. Anasema alisimama pale akisubiri acheke. Mungu wangu. Alisimama akisubiri mkewe acheke.

Mazishi yalijaa. Yule mteja alikuja na kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Watu walimwambia aende saluni nyingine, akakataa katakata. Chuo kizima kilikuja. Wanafunzi walimpanga yule kijana mpole aongoze, kwa sababu ndiye aliyewahi kupata alama za juu kwa kumzika. Akasimama mbele ya jeneza. Akafungua kitabu, akakifunga.

"Huyu mama nimeshamzika mimi," akasema. "Zaidi ya mara moja. Na kila nikimaliza, alikuwa anaamka anauliza chai iko wapi." Akaligeukia jeneza kana kwamba anangoja. Akaficha uso kwenye kitabu, wakamshika, wakamkalisha.

Mwalimu akainuka. Jangwa mwenyewe. Aliongoza ibada taratibu sana, jua likasogea, na hakuna aliyelalamika. Alipofika mahali pa kutaja kwamba marehemu alikuwa mwanafunzi wake, yule mzee mkavu alilia. Alilia waziwazi, mabega yanatikisika, wanafunzi wake hawajui watazame wapi. Akafuta macho kwa kiganja, akaendelea mpaka mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika, alimwendea mume. Dada mtu alikuwa amesimama karibu, ndiye aliyetusimulia.

"Fundi," mwalimu akasema, "aliwahi kufanya mazoezi nyumbani?"

"Alinizika mimi."

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Akaacha njiani?"

"Hapana. Alimaliza. Mpaka amina."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akasema, "Basi amefaulu. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza kwamba angekuwa mchungaji bora kuliko sisi wote. Amefaulu."

Dada anasema aliogopa shemeji yake angemrukia yule mzee. Hakumrukia. Alimtazama tu, macho mekundu, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwalimu, sasa mbona unaniambia mimi?"

Wakabaki wamesimama hapo, wanaume wawili, mpaka dada akawashika mikono akawaondoa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studioni, tunampa pole fundi. Pole sana, kaka. Nyumba uliyorudia ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Tunampa pole dada mkubwa, aliyezika mpwa na sasa amezika mdogo wake. Tunawapa pole wanafunzi wenzake, na wateja wake, na yule mama wa nusu kichwa. Tunampa pole na mwalimu. Naye ni mfiwa, msimbague. Alitaka kuwazika watu taratibu, Mama Kitana wetu. Bwana alitoa, na safari hii, kwa kweli, sisi tumeumia kumrudishia.

Na wewe unayenisikiliza. Yupo mtu unayejua amefaulu. Amelea vizuri, ameuguza vizuri, amejitahidi miaka na miaka mbele ya macho yako, na wewe hizo alama zake umezikalia, unasubiri siku nzuri ya kumwambia. Mpigie. Usingoje kipindi kiishe, mimi sitaudhika. Nitanyamaza hapa kidogo, ili usikie simu yake ikiita.