Makofi Mawili kwenye Bodi ya Lori

Haki ya Mungu, na anayenijua kwa kutia chumvi aniangalie mdomo vizuri, leo kila neno ni kweli tupu. Sikusoma, karatasi sina, historia ya kaka yangu Koleo iko kichwani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, chumba cha nyuma cha nyumba tulikomtoa leo, mzito mpaka mkunga akaita mkunga mwenzake, akasoma hadi darasa la saba, Januari 1987 akaanza kupakia mizigo ghalani, akanivuta na mimi, tukawa tunamaliza lori zima la saruji kabla dereva hajamaliza chai, haya, chai mbili. Akaoa tarehe 3 Septemba 1994, shemeji yule pale, wakajaliwa mabinti watatu.

Sasa, tarehe 17 Mei 2003, saa nne asubuhi. Nipeni nafasi kidogo. Kwetu ghalani kofi moja kwenye bodi dereva anasimama, mawili anarudi nyuma. Koleo ameinama, anachomoa ubao uliokwama kati ya lori na ukingo wa jukwaa la kupakilia, mimi nawasimulia wenzangu nilivyopandisha friji peke yangu ghorofa ya sita, nikacheka, nikapiga bodi, pa, pa. Lori likarudi. Vidole vitatu, mkono wa kulia.

Msimamizi akauliza nani kapiga, kaka, mkono umefungwa kwa shati langu, akasema, "Mimi mwenyewe bosi, uzembe wangu," maana alijua ningefukuzwa palepale, na mke wangu alikuwa na kichanga cha wiki mbili. Nikarudi kupakia. Akahamishiwa getini, kufungua na kufunga, na mama akamsema miaka ishirini na moja, we mzembe, mwone mdogo wako ana vidole kumi, naye anacheka tu, anasema, kweli mama, mdogo wangu yuko makini.

Figo zilimlaza Februari, akafariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, nimeshika mkono uleule.

Madaktari, majirani, wapakiaji wa zamu ya asubuhi mliokuja na glovu mfukoni, asanteni sana. Lala kaka, hakuna lori tena.

Lile friji lilikuwa ghorofa ya pili, na tulikuwa wanne. Na hili la makofi naomba asilirudie mtu, mama yuko nyumbani, miguu haimbebi, nikitoka hapa naenda kumwambia mwenyewe, msinitangulie.