Kwamboka wa Kebirigo

Sabato njema, ndugu zangu. Mlinipigia makofi hapa mbele nilipopata kazi ya kompyuta Kisii mjini. Leo msipige. Nisikilizeni tu, na nyinyi mnaoitwa Kwamboka mnisamehe, maana niliwakosea.

Nilitengenezea kliniki moja programu. Daktari akiagiza vipimo, inaligawa lile agizo: damu maabara hii, mkojo ile, picha kwingine. Kila jibu linarudi kwa wakati wake, na programu inayakusanya yawe ripoti moja. Mwenzangu kazini, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliniambia, "Boss, patia kila agizo namba yake, na kila kipande kiibebe." Nikajidai. "Jina na kijiji zinatosha," nikamjibu. "Hawa ni watu wetu, nawajua."

Nawaambia ukweli, hata sasa uso unanichoma. Mimi Mgusii, niliyempa binti yangu jina la mama yangu kama tunavyofanya sote, ndiye niliyesema jina linatosha!

Binti alikuwa anajiunga na shule ya bweni, akatakiwa apimwe. Nikampeleka pamoja na mama, aliyekuwa analalamika kiu kila saa. Kwamboka wa Kebirigo na Kwamboka wa Kebirigo, siku moja. Jibu la damu ya mtoto likarudi kwanza, programu ikalibandika kwa nyanya yake. La nyanya likaenda kwa mtoto.

Tukaambiwa mtoto ana sukari, arudi aanzishiwe matibabu. Mke wangu alilia mpaka sauti ikakauka. Mama aliambiwa ni mzima, akarudia chai yake ya maziwa, vijiko vya sukari vimejaa. Wiki haikuisha, akaanguka shambani akichuma majani chai.

Hospitalini wakakuta sukari yake iko juu kabisa. Mnajua nilifanya nini? Nilienda kliniki nikamfokea msichana wa maabara mbele ya wagonjwa, nikamwita mzembe. Mwenzangu, niliyekuwa nimeenda naye, akanivuta kando, akaniuliza polepole, "Kwani kwenu mko na Kwamboka wangapi?"

Woi! Nilikimbilia kompyuta, nikakuta majibu yao yamebadilishana.

Programu tuliizima papo hapo. Nikamweleza mkubwa wa kliniki kila kitu, na wagonjwa wote waliofanana majina wakaitwa wapimwe upya. Binti yangu akapatikana hana ugonjwa wowote. Yule msichana nilimwomba msamaha mbele ya watu, vile vile nilivyomwaibisha. Siku hizi kila kipande kina namba, na kimoja kisiporudi, ripoti inasema wazi: bado.

Mama alipopata nafuu, nilimwambia pale kitandani. Nilitaka anigombeze. Aliniuliza tu, "Si wewe ulimpa mtoto jina langu? Ulisahau?"

Namshukuru Mungu, mwenzangu, na yule msichana aliyenisamehe. Vijana mnaosomea kazi hii, mtu akikuonya usimjibu "nawajua." Anza kwa kuangalia nyumbani kwako.

Mama ameketi pale nyuma na mjukuu wake. Asubuhi ya leo, tukitoka kuja hapa, niliita, "Kwamboka, twende!" Waliitika wote wawili. Nikashindwa kuwaangalia.